Kumbukumbu Kumi na Sita

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la kawaida, la dukani: mzee anataka kumbukumbu kiasi gani?

Aliyeuliza alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na bisibisi ndogo nyuma ya sikio, mahali ambapo mafundi wengine huweka penseli. Aliyeulizwa alikuwa seremala mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Randa, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Alikuwa na tabia ya kulipiga neno randa kabla ya kulitoa, analipitisha huku, analipitisha kule, mpaka aliyemuuliza anasahau alichouliza. Baina yao, juu ya kaunta, ilikaa kompyuta ya mezani, kuukuu, aliyoletewa na binti yake. Ubavu wake mmoja ulikuwa umefunguliwa, na ndani mlikuwa na vumbi kama la uvunguni mwa kitanda.

"Iliyomo sasa ni giga mbili," fundi alisema. "Ndiyo maana inakwamakwama. Naweza kukuwekea nne, nane, au kumi na sita. Inategemea unaitumia kwa kazi gani."

"Kuandika."

"Barua?"

Mzee Randa akalipiga neno randa. "Mtu," akasema. "Nataka kumwandika mtu."

Fundi alivaa miwani ili amwone vizuri.

"Mke wangu. Alikuwa nesi, mkunga, miaka thelathini na sita. Sasa anasahau. Daktari amesema itazidi, haitapungua. Basi yeye anasimulia, mimi naandika, kabla hayajaisha."

"Pole, mzee wangu." Fundi alitikisa kichwa kidogo, kisha akarudi kwenye kazi, kwa kuwa mteja hakuja kutafuta pole. "Kwa kuandika peke yake, nne zinatosha. Ningekuwa wewe ningechukua nne, halafu nikabadilisha na diski. Hii yako imechoka."

"Nne?"

"Nne zinatosha kabisa."

Hapo Mzee Randa alikasirika, kwa kimya chake. Nne! Mwanamke wa miaka sabini na mbili, aliyewapokea watoto zaidi ya elfu tatu kwa mikono yake, anayeweza, au aliyeweza mpaka juzijuzi, kusimama sokoni na kumwambia mtu mzima mwenye ndevu, "Wewe ulikuwa kilo mbili na nusu, ulikuja miguu mbele, ukamtesa mama yako." Kumbukumbu za mtu kama huyo zikae kwenye nne? Hata kabati la nguo hulipimi kwa ubahili hivyo.

"Nipe kumi na sita," alisema. "Na hayo madiski sitaki. Sisi si watu wa muziki."

Fundi akacheka. Alidhani mzee anatania, maana wazee wa namna ile, wakavu usoni, ndio watani wakubwa. Mzee Randa naye akatabasamu, akidhani wameelewana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini siku ile hakuna aliyeuliza.

"Kumi na sita ni nyingi, mzee. Utaweza kufungua hata madirisha arobaini kwa mpigo, wala haitakwama."

"Na hazijai?"

"Kwa kuandika? Hutazijaza wewe."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Akaleta vipande viwili vyembamba kama rula za shule, akavichomeka, na vilipoingia vilitoa mlio mdogo, *tk*, mlio ambao seremala aliupenda. Ni mlio wa kiungo kilichochongwa kikakubali. Fundi akamwongezea na betri ya kukaa chini ya meza, ili umeme ukikatika mashine isizime ghafla, na Mzee Randa akaondoka amekumbatia kompyuta kifuani, mtu aliyekwenda kununua kumbukumbu na kuzipata.

Nyumbani mkewe alikuwa barazani, anakunja taulo. Watu walimwita Nesi, hata waliokuwa hawajui kwamba alishastaafu. Alikunja taulo siku nzima, zilezile sita. Zikiisha anazikunjua, anaanza upya, pembe kwa pembe, kwa ukubwa wa mtoto mchanga. Alipomwona mumewe alisema, "Fundi, umefika."

Alikuwa akimwita Fundi tangu uchumba wao. Zamani lilikuwa neno la mapenzi na Mzee Randa aliijua ladha yake. Siku hizi hakuwa na hakika. Kuna mara Nesi alilitamka na kumtazama kwa namna ambayo ilimfanya ajiulize kama anamwita yeye au anamwita fundi yeyote, mtu aliyekuja kutengeneza kitu na ambaye ataondoka jioni. Bandu bandu humaliza gogo. Yeye aliyeishi kwa kubandua mbao alijua gogo huwa halijioni linavyopungua. Ni wewe unayeona takataka sakafuni.

Kilichokuwa hakijabanduka ni mikono. Mikono ya Nesi ilikumbuka kila kitu. Ilinawa kabla ya kugusa chakula, mpaka kwenye viwiko, kidole kimoja baada ya kingine. Na ilichomoa nyaya. Miaka mingi nyuma, kule zahanati, mtu alisahau mashine ya kuchemshia vyombo ikiwa kwenye umeme, maji yakakauka, chumba cha kujifungulia kikaungua dari. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku ile Nesi hakufunga zamu bila kuzunguka vyumba vyote, kuchomoa kila waya ukutani, kuuzungusha kiganjani mara nne, kuufunga kifundo na kusema kwa sauti, "Kimezimwa, kimechomolewa." Zoea hilo alikuja nalo nyumbani. Pasi, redio, taa ya mezani. Tangu ugonjwa uanze alikuwa akilichomoa hata jokofu, maziwa yakaharibika mara mbili, mpaka Mzee Randa akaujengea ule mchomeko wa jokofu kijumba cha mbao chenye kufuli. Mazoea yana taabu. Wa kompyuta hakuujengea kijumba. Nesi aliipenda mno ile mashine, aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe, na mzee aliona kumwekea kufuli kitu anachokipenda ni kumvunjia heshima.

Wakaanza kazi. Saa za Nesi nzuri zilikuwa asubuhi, baada ya chai, kabla jua halijafika dirishani. Yeye alikaa kwenye kiti cha mkono, taulo mapajani. Mzee alikaa mbele ya kioo na kudonoa kwa kidole kimoja, kama kuku anayeokota mtama mmoja mmoja. Kila mtoto alipata dirisha lake. Ilikuwa ni heshima, aliona: mtoto hawezi kuandikwa mgongoni mwa mwenzake. Alifungua ukurasa mpya, akaandika, na akimaliza alibonyeza kile kimstari cha juu, ukurasa ukashuka chini ya kioo ukakaa pamoja na wenzake kwenye foleni. Jioni aliifunika mashine kwa kitambaa cheupe, ikalala. Asubuhi aliamsha panya wa kompyuta kwa kumgusa, kioo kikawaka, na watoto wote walikuwa hapo, kila mmoja kwenye dirisha lake.

"Nimetengeneza madirisha maisha yangu yote," alimwambia Nesi siku walipofika thelathini. "Sijawahi kuona nyumba yenye madirisha thelathini na mlango hakuna."

"Wanapumua vizuri," Nesi akajibu. "Hewa inaingia."

Alisimulia mtoto aliyetanguliza mkono, kama anayebisha hodi. Alisimulia pacha wa pili ambaye hakuna aliyejua yumo, aliyezaliwa wakati mama yake ameshavaa viatu anataka kwenda nyumbani. Alisimulia mama mmoja aliyeona haya mno, aliyejifunika shuka mpaka kichwani na kukataa kuguswa, na yeye Nesi akamwambia, "Mwenzangu, mficha uchi hazai," mama akacheka, na katika kule kucheka mtoto akatoka. Kila hadithi ilianza na uzito. Kilo tatu na robo. Kilo mbili na gramu mia tisa. Majina ya mitaa aliyapoteza, miaka ilimchanganya, lakini uzito hakukosea, au kama alikosea alikosea kwa sauti ya mtu aliyesoma kwenye mizani.

Umeme ulikatika mara mbili katika majuma yale. Betri chini ya meza ililia kama kifaranga kilichopotewa na mama yake, kompyuta ikabaki macho, na umeme uliporudi watoto wote walikuwepo. Mzee Randa aliigonga meza kwa kiganja. Kumi na sita, alijisemea. Angewekewa zile nne, saa hii ingekuwa hadithi nyingine. Na kweli ingekuwa hadithi nyingine. Mashine yenye nne ingechoka kwenye dirisha la kumi na kitu, ingekwama, ingemlazimisha afunge, na kabla ya kufunga ingemuuliza: nihifadhi? Kumi na sita haikuchoka. Haikumuuliza kitu.

Aliyeuliza alikuwa binti yao, kwa simu, kutoka mbali alikokuwa akifanya kazi.

"Baba, lakini unahifadhi unachoandika?"

"Nahifadhi, mwanangu. Jioni naifunika."

"Namaanisha yale maandishi, Baba. Yamehifadhiwa?"

"Yote yako kwenye kumbukumbu."

"Haya, safi," binti akasema, kwa sababu mtu akisema kitu kiko kwenye kumbukumbu ya kompyuta unaelewa kimehifadhiwa, na kwa sababu kulikuwa na mtu anamwita huko upande wake. "Msalimie Mama. Mwambie nakuja likizo."

Dirisha la thelathini na nane halikuandikwa na Mzee Randa.

Asubuhi ile Nesi aliamka macho yamekaa sawa. Mumewe aliziona siku za namna ile mara moja, kama mtu anavyojua mlango umefunguliwa kwa jinsi hewa inavyobadilika. Alikunywa chai, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ondoka hapo. Wa leo nitamwandika mwenyewe."

"Wewe?"

"Nani alikuwa anapiga taipu ripoti za zahanati? Wewe? Nenda nje kapige randa yako."

Akaenda nje. Hakupiga randa. Alikaa kwenye benchi lake la kazi, mikono juu ya magoti, akasikiliza vidole vyote kumi vya mkewe vikipiga vibonyezo, haraka, bila kusita. Zilipita kama saa mbili. Kisha kimya. Alipoingia alimkuta ameketi wima, ukurasa umeshushwa chini, uso umelowa.

"Nimemwandika wa kwetu," Nesi alisema. "Wa kwanza."

Miaka arobaini na moja walikuwa hawajamtaja. Alizaliwa alfajiri, akafa kabla ya adhuhuri. Mzee Randa, wakati ule kijana mwenye mabega, alikuwa mji mwingine anapandisha mbao za paa la shule. Habari zilimfikia siku ya pili, na alipofika nyumbani mtoto alishazikwa, kwenye kisanduku kilichochongwa na seremala mwingine. Hilo lilimchoma kwa namna aliyoona aibu kulisema. Hakuuliza mtoto alifananaje. Mkewe hakumwambia. Wakazaa binti baada ya hapo, wakajenga, wakazeeka, na lile jambo lilikaa baina yao kitandani kila usiku bila kugeuka.

"Nilimpa jina," Nesi akasema. "Hujui. Hakuna anayejua. Nilimnong'oneza sikioni akiwa bado anapumua. Nimeliandika humo, na kila kitu chake."

"Niambie."

"Siwezi kulitamka, Fundi. Nimejaribu miaka yote hii. Utalisoma siku nitakapokuwa sipo."

"Kwa nini nisisome leo?"

"Kwa sababu ukisoma leo utanitazama. Niahidi."

Akaahidi. Ahadi ni deni, na yeye alikuwa mtu wa kulipa. Lakini usidhani ilikuwa rahisi. Kila asubuhi alipoamsha mashine aliliona lile dirisha la mwisho kwenye foleni, limetulia. Alijua kwamba ndani yake kuna jina, na kwamba jina hilo ni la mwanawe. Alikisia. Alifikiria jina la baba yake, la baba wa mkewe, la yule daktari wa zamani waliyempenda. Alijifunza kusogeza panya mbali na ile pembe.

Siku moja, majuma mawili baadaye, Nesi alimtazama akirekebisha pazia akasema, kwa adabu sana, "Fundi, umeshapewa chai? Mume wangu akirudi ataongea nawe kuhusu kazi."

Mzee Randa alimaliza lile pazia. Kisha akaenda akaketi mbele ya kompyuta, akaweka mkono juu ya panya, mshale ukafika kwenye dirisha la thelathini na nane. *Siku nitakapokuwa sipo.* Je, hapo alikuwepo? Mwanamke aliyeketi barazani, anayemkaribisha mumewe chai ya kibarua, alikuwa ndiye yule aliyedai ahadi? Alikaa vile kwa muda mrefu. Nyuma yake Nesi alianza kuimba chini kwa chini wimbo wa kubembeleza, usio na maneno, wimbo aliokuwa akiuimba tangu usichana. Basi yupo, mzee akajisemea. Akaondoa mkono. Alijivunia, hata. Alijiona mwaminifu.

Ilikuwa siku ya nne baada ya hapo. Jirani alikuja kuomba msaada, mlango wa jikoni kwake umevimba hauingii kwenye fremu, na Mzee Randa akasema ni kazi ya nusu saa. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Aliporudi, shati limejaa vumbi la mbao, alimkuta Nesi ameketi karibu na mlango wa mbele amevaa viatu na koti, mkoba mapajani.

"Zamu yangu imeisha," alisema. "Nimezunguka vyumba vyote."

Juu ya meza zililala nyaya, zimepangwa kwa mstari, kila moja imezungushwa mara nne na kufungwa kifundo. Ya redio. Ya pasi. Ya taa. Ya birika. Na moja nyeusi, nene kuliko zote, ambayo ilikuwa imechomolewa pande zote mbili, kutoka kwenye betri na kutoka mgongoni mwa kompyuta. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa, pembe kwa pembe, kwa ukubwa wa mtoto.

"Kimezimwa," Nesi akasema, ameridhika. "Kimechomolewa."

"Vizuri," akasema mumewe. "Umefanya vizuri."

Hakuogopa bado. Aliuchomeka waya mweusi, akabonyeza, akangoja. Mashine ikazunguka, ikafikiri, ikawaka. Kioo kilikuwa cha buluu, safi. Chini hakukuwa na foleni. Akangoja tena, labda wanaamka polepole, ni wengi. Akafungua ukurasa mmoja, ulikuwa mweupe. Akaufunga. Akagusa panya kila pembe, akainama akatazama hata nyuma ya mashine, mahali ambapo hapana kitu ila joto. Kisha akaivua nyaya zake, akamwomba jirani aje akae na Nesi, na akaibeba kifuani kurudi dukani, anatembea upesi kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Fundi wa kompyuta alimkumbuka. Akaifungua, akaiwasha, akatafuta. Alitafuta kwa bidii, akiuliza maswali mafupi bila kuinua uso.

"Uliyahifadhi kwa jina gani?"

"Hayakuwa na jina. Yalikuwa kwenye madirisha."

"Lakini uliyahifadhi."

"Mwanangu, si ndiyo maana nilinunua kumbukumbu kubwa?"

Mkono wa fundi ukasimama. Akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Mzee wangu," alisema. "Wewe ni seremala, sivyo? Basi una benchi, na una stoo. Ile kumbukumbu niliyokuwekea ni benchi. Nilikuwekea benchi kubwa, la kufanyia kazi nyingi kwa pamoja. Lakini umeme ukiondoka, benchi linafagiliwa, haubaki hata unyoya. Stoo ni diski. Kile unachotaka kukikuta kesho, lazima ukiingize stoo."

Mzee Randa alilitafakari. Alilipitisha huku na kule. Lilikuwa limechongwa vizuri, hakuona pa kulilaumu.

"Kwa hiyo inasahau," alisema.

"Ukiizima, inasahau kila kitu."

"Sasa kwa nini mkaiita kumbukumbu?"

Fundi akavitazama vile vipande viwili ndani ya mashine. "Sikuiita mimi, mzee. Nimelikuta jina lipo." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye moyo, na kwa kuwa alikuwa ameukumbuka ule utani wa muziki uliomchekesha, akasema, "Nilipaswa kukueleza siku ile. Nilidhani unajua. Nisamehe."

"Hukukosea wewe."

"Hakuna nakala popote? Hata moja? Mkeo hawezi kusimulia tena?"

"Baadhi," akasema Mzee Randa. Wale thelathini na saba alikuwa nao kidogo. Aliwadonoa herufi kwa herufi, walikuwa wamemwingia kidoleni. Angeweza kukaa na kuwaandika upya, kilo zao na mikono yao na mapacha wao, kwa maneno yake makavu badala ya ya mkewe. Lakini wa thelathini na nane hakumdonoa. Alikuwa nje, kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Na siku nne zilizopita mkono wake ulikuwa juu ya panya.

Akaibeba kompyuta, akarudi.

Jirani aliaga, akaenda zake. Nesi alikuwa ameketi sebuleni na taulo zake sita. Mzee Randa aliiweka mashine mezani bila kuichomeka, akaketi kwenye kiti cha kuandikia, akakigeuza kimkabili mkewe. Alikuwa amekusudia kuuliza. Njia nzima alikuwa akilipiga randa swali lake, liwe laini, lisimkwaruze.

"Mke wangu. Yule mtoto wetu wa kwanza. Ulimpa jina."

Nesi akainua uso. Alilifikiria swali kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiria maswali ya watu kule zahanati. "Nina binti mmoja," alisema. "Anafanya kazi mbali. Anakuja likizo."

"Kabla yake."

"Kabla yake hakuna," akasema Nesi, na akarudi kwenye taulo.

Ndipo Mzee Randa alipolia. Hakuwa mtu wa kulia, na hakujua namna yake. Alilia vibaya, mabega yakiruka, kiganja kimefunika macho, sauti inatoka kama msumeno butu. Alimlilia mtoto ambaye hakumwona. Aliulilia ukurasa, na ule uaminifu wake aliokuwa akijivunia, na yule mwanamke aliyeandika kwa vidole kumi bila kusita asubuhi moja, ambaye hatarudi tena.

Akasikia maji. Nesi alikuwa ananawa, mpaka viwikoni, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akaja, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu mapigo yake, midomo ikicheza. Vidole vyake vilikuwa baridi na safi.

"Pole, baba," alisema, kwa sauti yake ya kazini, ile iliyotuliza wodi nzima. "Umefiwa?"

Mzee Randa akaitikia kwa kichwa.

"Na nani?"

"Mtoto."

"Aa. Pole sana." Hakuuachia mkono. "Mkubwa?"

"Mchanga. Hakumaliza siku."

"Hao ndio wanaouma kuliko wote. Watu watakwambia utapata mwingine. Usiwasikilize." Akamwangalia kwa huruma ya kweli, huruma ambayo alikuwa amewapa wageni wengi maishani mwake. "Alikuwa na kilo ngapi?"

"Sijui. Sikuwepo."

"Na mama yake hakukwambia?"

"Alitaka kuniambia."

Nesi akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mtu asimlie mtoto wake kimyakimya hivi," alisema. "Mtaje. Alikuwa anaitwa nani?"

Na akangoja jibu, vidole viwili bado viko juu ya mshipa wake.